Nani Alilipia Vita ya Kagera? Kisa cha Shilingi Kikitazamwa Kutoka Moshi na Arusha

Mwaka 1978, kabla majeshi ya Idi Amin hayajavuka mpaka, dola moja ya Marekani ilibadilishwa benki kwa shilingi saba na senti kadhaa za Tanzania. Mwishoni mwa 1981, zaidi ya miaka miwili baada ya vita kwisha, benki bado iliibadilisha kwa shilingi nane na senti thelathini hivi. Mgeni akipewa namba hizo mbili bila maelezo atasema shilingi ilipita vitani salama.

Namba hizo ni sahihi. Ila kwenye mpaka wa Kenya, pale Holili, Tarakea na Namanga, shilingi hiyohiyo ilikuwa na bei nyingine kabisa, na kisa ninachokichambua hapa ni cha pengo kati ya bei hizo mbili: lilivyoanza, lilivyopanuka, na nani alilibeba mgongoni. Niseme mapema ninakosimama. Naamini sehemu kubwa ya gharama ya vita ile ilibebwa na mkulima wa kahawa, kuanzia vihamba (mashamba ya nyumbani) vya Rombo na Machame hadi miteremko ya Meru, na alilipishwa kwa njia ambayo hakuna aliyekaa naye kumweleza. Vita yenyewe siibishii. Amin alivamia, akachoma, akaua, akatangaza kwamba ardhi ya Kagera ni yake. Kumtoa ilikuwa lazima. Ninachouliza ni habari ya bili.

Tuanze na hazina ilivyokuwa. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na kahawa ikaadimika duniani. Kufikia 1977 bei ilikuwa imevuka dola 3 kwa ratili. Mnada wa kahawa ulikuwa Moshi, kwa hiyo neema hiyo iliingia nchini kupitia mji huu. Akiba ya fedha za kigeni ya taifa ilipanda hadi kama dola milioni 280 mwishoni mwa 1977, kiasi ambacho Tanzania haikuwa imezoea kukishika. Kisha, mapema 1978, serikali ikalegeza vibali vya kuagiza bidhaa, na Benki ya Dunia ilikuwa miongoni mwa waliokuwa wakishauri hivyo. Bidhaa ziliingia, dola zikatoka. Mwaka ulipofika mwisho, akiba ilikuwa imebaki karibu dola milioni 100. Vita ilianza mwishoni mwa Oktoba, kwa hiyo haiwezi kulaumiwa kwa upungufu wote huo. Ilikuta hazina imeshapungua.

Jambo la pili lililokuwa limeshatokea linawahusu zaidi watu wa Arusha. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao yake pale mjini, ilivunjika mwaka 1977. Februari ya mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Nchi ikalazimika kuanzisha shirika lake la ndege, la reli, la bandari na la posta, yote ndani ya muda mfupi na yote yakihitaji vifaa vya kununuliwa kwa dola. Watalii waliokuwa wakishuka Nairobi na kuingia Manyara, Ngorongoro na Serengeti kupitia Namanga wakakatika. Uwanja wa Kilimanjaro ulikuwepo tangu 1971, lakini njia ya Nairobi ndiyo iliyokuwa imezoeleka. Kaskazini ilikuwa na visima viwili vya fedha za kigeni, kahawa na wanyama, na kimoja kikaanza kukauka kabla risasi ya kwanza haijapigwa.

Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa, na kila aliyekuwa na akili zake siku hiyo anaweza kuirudia ile kauli: uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Jeshi lilipanuka kutoka watu wasiofika 50,000 hadi zaidi ya 100,000, mgambo wakiwemo. Malori na mabasi yalichukuliwa kupeleka askari na chakula Kagera, na magari yaliyopaswa kusomba mazao yakawa upande wa pili wa nchi. Machi 1979, kuanzia tarehe 24, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana hapahapa Moshi, wakaunda chama chao cha ukombozi na kumchagua Yusuf Lule awaongoze. Kampala iliangushwa tarehe 11 Aprili. Vita ikaisha mwanzoni mwa Juni, ingawa askari wetu walibaki Uganda hadi 1981, na kukaa kwao nako kuna gharama.

Gharama inayotajwa kwa kawaida ni takriban dola milioni 500. Ilinganishe na ile akiba ya milioni 280 ya wakati wa neema. Vita ilihitaji karibu mara mbili ya kiasi chote ambacho nchi iliwahi kukiweka, na wakati huo kilichobaki mkononi kilikuwa kama theluthi moja. Msaada kutoka nje ulikuwa haba. Katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Monrovia Julai 1979, wapo viongozi waliotulaumu kwa kuingia Uganda. Wakati huohuo mapinduzi ya Iran yalikuwa yameyumbisha soko la mafuta, na pipa lililokuwa likiuzwa kwa dola kumi na tatu hivi likavuka thelathini. Bei ya kahawa nayo ilikuwa imeshashuka mbali kutoka kilele cha 1977.

Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Watu walikubali, na walikubali kwa moyo. Wazee wa Moshi ukiwauliza leo, hawalalamikii ile miezi 18. Wanalalamikia miaka iliyofuata.

Sasa tuingie jikoni mwa jambo lenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapopita haraka.

Serikali iliyo vitani ina njia chache za kupata fedha. Inaweza kutoza kodi, kukopa, au kuiagiza benki kuu iikopeshe fedha mpya. Njia hii ya tatu ndiyo nyepesi, na ilitumika sana. Shilingi ziliongezeka mikononi mwa watu huku bidhaa madukani zikipungua, kwa kuwa dola za kuziagiza zilikuwa zimekwenda kwenye mafuta na silaha. Shilingi nyingi zikifukuza bidhaa chache, bei hupanda. Zikifukuza dola chache, bei ya dola hupanda vilevile. Hakuna sheria iliyoweza kuzuia hilo lisitokee. Sheria iliweza kuzuia tu lisionekane benki.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Januari 1979 shilingi ilishushwa kidogo, kwa karibu asilimia 10, na baada ya hapo ikashikiliwa palepale kwenye nane na ushei kwa miaka mitatu. Mtaani dola ilianza safari yake. Mwaka 1980 aliyeuza kwa njia za panya alikuwa anapata zaidi ya mara mbili ya bei ya benki. Kufikia 1985 alikuwa anapata mara nane na zaidi.

Chukua mfano wa hesabu. Tuseme kilo moja ya kahawa imeuzwa mnadani Moshi kwa dola 3 mwaka 1980. Dola hizo hazimfikii mkulima. Zinaingia Benki Kuu, naye anahesabiwa shilingi 24 na senti 60, na kutoka humo zinakatwa gharama za mamlaka ya kahawa, usafiri, ukoboaji na ushuru. Kwa bei ya mtaani, dola 3 zilezile zilikuwa na thamani ya shilingi 60 au zaidi. Zile 35 na ushei zilikwenda wapi? Zilikwenda kwa yeyote aliyepewa dola hizo kwa bei ya benki. Serikali ilipohitaji dola za kununulia dizeli ya magari ya jeshi, ilizipata kwa shilingi nane. Shirika la umma lililopata kibali cha kuagiza mashine lilizipata kwa shilingi nane. Mkulima ndiye aliyekuwa akiuza kwa nane kitu kinachogombaniwa kwa ishirini, na aliuza kwa sababu sheria haikumpa mnunuzi mwingine.

Hiyo ni kodi. Haikujadiliwa Bungeni kwa jina hilo, haikuandikwa kwenye stakabadhi, na mlipaji hakuambiwa kiasi. Isitoshe ilikuwa inapanda kila mwaka pengo lilipopanuka, bila mtu yeyote kuipandisha. Kwa mwaka mmoja wa vita ningeikubali. Taifa limevamiwa, na mwenye dola ndiye anayeombwa dola. Kinachoniuma ni kwamba iliendelea hadi 1986, vita ikiwa imeshaisha miaka saba, na kwamba aliyelipa hakuwahi kushukuriwa kwa sababu kwenye vitabu hakuonekana kama aliyelipa.

(Mkulima wa Kagera alilipa mara mbili. Naye ni mkulima wa kahawa, na nyumba yake ndiyo iliyochomwa.)

Mkulima hakukaa kimya, ila hakuandamana. Alijibu kwa jembe. Mibuni inahitaji kupogolewa, kupaliliwa na kunyunyiziwa dawa, la sivyo ugonjwa wa chulebuni unaozesha matunda yakiwa mabichi. Mrututu, dawa ya kunyunyizia, ulitoka nje, kwa dola, na ulichelewa au haukufika. Hata ulipofika, mtu alijiuliza kwa nini ajisumbue. Vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976, KNCU, ushirika wa wakulima wa Kilimanjaro, ikiwemo, kwa hiyo hakuwa na chombo chake cha kumsemea kuhusu bei. Migomba ilimlipa vizuri zaidi. Mahindi, maharage, nyanya na maziwa yaliuzwa sokoni kwa bei ya siku hiyo, na bei ya sokoni ilikuwa inaijua shilingi ya kweli. Kahawa peke yake ndiyo iliyolazimishwa kuamini shilingi ya benki.

Kisha kulikuwa na mpaka. Mwaka 1985 dola moja ilikuwa shilingi 16 na ushei benki ya Nairobi, na shilingi 17 na ushei benki ya Dar es Salaam. Kwa hesabu ya mabenki, shilingi ya Kenya na ya Tanzania zilikuwa karibu ndugu pacha. Nenda Holili uone kama kuna mtu angekubadilishia moja kwa moja. Shilingi moja ya Kenya ilikuwa inanunua zetu kadhaa. Kahawa iliyovuka usiku kwenda Taveta au Loitokitok ililipwa kwa shilingi zile, na shilingi zile zilirudi na sabuni, mafuta ya kupikia, dawa ya meno, kanga na betri za redio. Vito vya Mererani navyo vilielekea Nairobi kwa njia hizohizo. Wote waliofanya hivyo waliitwa walanguzi na wafanyamagendo, na kisheria walikuwa hivyo. Lakini ukiangalia mama wa Rombo aliyebeba kilo chache za buni kichwani ili arudi na sabuni ya kuogeshea watoto, sijui alikuwa anamwibia nani zaidi ya alivyokuwa anaibiwa.

Upande wa mjini mambo yalikuwa mengine lakini chanzo ni kilekile. Kiwanda cha matairi cha General Tyre pale Arusha kilitegemea malighafi za kutoka nje. Bila dola hakuna matairi, na bila matairi lori la kusomba mazao linakaa juu ya mawe. Watu wa Moshi waliishi jirani na mashamba ya miwa ya TPC huku sukari ikiwa ya foleni. Unga wa mahindi ya njano, ule tuliouita yanga, ukawa chakula cha kawaida. Magari binafsi yalipigwa marufuku barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana ili kuokoa petroli. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980 bei za bidhaa zilipanda kwa takriban asilimia 30 kila mwaka, na mshahara wa mwalimu au karani ukabaki jina.

Je, hakuna aliyeyaona haya wakati ule? Wapo. Na mmoja wao alikuwa mtu wa kwetu.

Edwin Mtei, mzaliwa wa Marangu, alikuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania tangu ilipofunguliwa mwaka 1966. Baadaye akawa Katibu Mkuu wa Jumuiya pale Arusha hadi ilipovunjika, kisha Waziri wa Fedha. Mwaka 1979 alizungumza na Shirika la Fedha la Kimataifa, yaani IMF, ili kupata mkopo wa kuziba pengo lililoachwa na vita na mafuta. Moja ya masharti lilikuwa kushusha thamani ya shilingi. Mtei aliona hapakuwa na njia nyingine. Nyerere alikataa, na mwishoni mwa mwaka huo Mtei akajiuzulu. Siku ya kwanza ya 1980, akizungumza na mabalozi, Nyerere aliuliza tangu lini IMF imekuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Katikati ya mwaka huo Arusha ilipokea mkutano wa wataalamu kutoka nchi tajiri na maskini, na tamko lao, lililojulikana kwa Kiingereza kama Arusha Initiative, lilidai mfumo mpya ambao nchi ndogo haingepangiwa na wakubwa. Septemba 1980 mkataba na IMF ulisainiwa hata hivyo, ukakwama baada ya miezi michache.

Nimejaribu kuisikiliza hoja ya Mwalimu kwa haki, maana haikuwa ya kijinga. Alisema kahawa, pamba na katani bei zake hupangwa London na New York, kwa hiyo kushusha shilingi hakutamfanya Mzungu anywe kahawa zaidi. Kweli. Alisema bidhaa za nje zitapanda bei na mnyonge wa mjini ataumia. Kweli pia, kwa kiasi. Na alikuwa na jambo lingine ambalo watetezi wa IMF hawapendi kulitaja: hata ungemwongezea mkulima wa Kibosho shilingi, angezinunulia nini wakati maduka ni matupu? Shilingi zaidi bila sabuni dukani hazimrudishi mtu kwenye mibuni.

Lakini hoja ya kwanza inasahau kwamba kahawa ilikuwa inashindwa kulimwa, si kushindwa kuuzwa. Na hoja ya pili inasahau kwamba mnyonge wa mjini alikuwa tayari ananunua kwa bei ya mtaani. Bei ya nane aliisoma gazetini. Aliyeinunua dola kwa nane alikuwa mwenye kibali.

Machi 1983, Edward Sokoine, mtu wa Monduli, akiwa Waziri Mkuu, aliongoza msako wa wahujumu uchumi. Bunge lilipitisha sheria maalumu mwaka huohuo. Watu walikamatwa, bidhaa zilizofichwa zikatolewa, na nyingine zilitupwa mitoni na vichakani na wenyewe kwa hofu. Sokoine alikuwa mwadilifu na watu walimpenda kwa haki kabisa, hadi alipofariki kwa ajali Dakawa tarehe 12 Aprili 1984. Ila msako ulipiga watu na kuliacha pengo. Aliyefungwa aliacha nafasi yenye faida ileile, na mwingine akaiingia.

Kilichoanza kulipunguza kweli ni mambo matatu yaliyokuja kimyakimya zaidi. Novemba 1983 mpaka na Kenya ulifunguliwa tena, baada ya mazungumzo yaliyofikia tamati Arusha. Bajeti ya 1984, chini ya Cleopa Msuya, iliruhusu mtu kuagiza bidhaa kwa fedha zake za kigeni bila kuulizwa kazipata wapi, na maduka ya Moshi yakaanza kuwa na vitu. Vilikuwa ghali, lakini vilikuwepo. Kisha mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, shilingi ikashushwa kutoka 17 hadi 40 kwa dola mwezi Juni, mkataba na IMF ukafuata Agosti, na mwaka ukaisha dola ikiwa zaidi ya shilingi 50. Mwaka 1988 ilifika 125. Nchi nzima ilishtuka, kana kwamba shilingi imeanguka siku hiyo. Kwa mtu wa Holili ilikuwa habari ya zamani.

Kuna mfano wa karibuni unaonisaidia kupima kama 1979 kulikuwa na njia nyingine. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, benki kuu ya Ukraine iliifunga sarafu yake kwenye 29.25 kwa dola, siku ileile. Ilifanya kile tulichofanya sisi, na kwa sababu zilezile: kuzuia hofu, kulinda akiba. Lakini Julai 2022, baada ya miezi mitano, iliishusha hadi 36.57, vita ikiwa bado inawaka. Waliikiri hasara wakiwa vitani. Ni kweli wao walikuwa na mabilioni ya misaada nyuma yao, na sisi hatukuwa nayo. Hata hivyo kushusha bei ya sarafu hakuhitaji msaada. Kunahitaji mtu wa kusema kwamba bei ya zamani imekwisha.

Ningekuwa na sauti katika chumba kile mwishoni mwa 1979, ningeomba kitu kidogo kuliko alichoomba IMF na kikubwa kuliko alichokubali Mwalimu. Shilingi ishuke hadi 12 hivi, na nyongeza yote kwenye kahawa, pamba na korosho ipite moja kwa moja kwa mkulima, imeandikwa kwenye stakabadhi yake. Sehemu ndogo ya dola za kila zao irudi wilayani ilikotoka kwa sura ya sabuni, mrututu, mabati na majembe. Na kama bado vita inadai, kodi ya vita iwekwe waziwazi, yenye jina lake na tarehe ya mwisho. Mkulima wa Old Moshi aliyetoa kijana wake kwenda kupigana asingekataa kuchangia kahawa. Angetaka tu kujua anachangia kiasi gani na hadi lini.

Sheria ya fedha za kigeni ya 1992 iliruhusu maduka ya kubadilishia fedha, na msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kununua kahawa vijijini. Pengo likawa limeisha. Mibuni iliyokuwa imeachwa tangu vita ilikuwa imezeeka, sehemu nyingi imeshang'olewa kupisha mahindi na migomba, na bei nzuri ilipokuja kutangazwa, wenye vihamba wengi hawakuwa tena na kahawa ya kupeleka mnadani.